Nani alikuwa anakunywa mafuta ya kipanya chetu

Mke wangu aliendesha duka la rejareja Kibaha kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akiuza kiberiti bila kukiandika. Kwa hiyo tulipofika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, miguu bado ina mchanga wa ziwa, hakutaka habari za machweo. Alitoa risiti za sheli kwenye pochi, akazipanga moja moja juu ya kabati la jiko, akachukua kalamu.

"Tuliondoka nyumbani tangi limejaa, tukajaza mara ya mwisho Kyela. Hapo katikati zimeingia lita 114. Dashibodi inasema kilomita 874. Si uliniambia hili gari linakwenda kumi na mbili kwa lita?"

Ni kweli nilimwambia. Aliyeniuzia ndiye aliyeniambia, na bila shaka naye aliambiwa na aliyemuuzia. Kijiweni hakuna gari linalokula mafuta. Yote yananusa tu.

"Ni saba na pointi saba," akasema alipomaliza kugawanya. "Hizo nne na pointi tatu anakunywa nani?"

Nikamjibu kwamba ni milima. Kitonga, Mafinga, halafu ile ya Uporoto kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wateja wa mkopo.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya mwaka 1996, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa) wala kompyuta. Kabla yetu lilikuwa linabeba wanafunzi, na ukilitazama ubavuni jua likiwa limelala bado unauona mstari wa njano chini ya rangi yetu. Nilipostaafu nilitoa viti vyote, nikaweka kitanda, makabati, jiko la gesi la mafiga mawili, tangi la maji la lita 80 na friji ndogo ya volti 12. Juu nikapachika kerea ndefu ya chuma, na juu ya kerea nikafunga turubai, meza, viti, madumu mawili na tairi la akiba. Watoto wanakiita kipanya, jina la Hiace zote za zamani, ingawa panya wa ukubwa huo sijamwona.

Usiku huo wa kwanza Matema kulikuwa na joto la kunata. Nikawasha injini ili kiyoyozi kifanye kazi, tukalala nacho kwa muda wa saa nne hivi. Siku tulipoondoka tulirudi kujaza sheli ile ile ya Kyela. Kwenda Matema na kurudi ni kama kilomita 80, lakini ziliingia lita 15. Mke wangu hakusema neno. Alichora mstari kwenye daftari, akaandika juu yake: "Kilomita sifuri, lita tano." Safu hiyo ipo mpaka leo. Tangu hapo tunalala na feni ndogo ya volti 12 na chandarua, na juu ya paa kuna paneli moja ya sola iliyolala bapa, inayolisha friji na feni. Injini haijawahi tena kuwashwa ili tulale.

Wakati wa kurudi nilikuwa nimeshaingiwa na uchungu wa mafuta, ndipo nikafanya ujinga. Tukitokea Ilula, kwenye mteremko wa Kitonga, niliweka frii. Nilijiambia mlima uliotunyang'anya tulipopanda sasa utulipe. Malori yalikuwa yanashuka kwa gia nzito, yananguruma taratibu, na mimi nayapita huku nagusa breki kila kona. Kona ni nyingi na korongo liko ubavuni. Nusu ya njia pedali ilianza kuwa laini, na harufu ile ikaingia ndani, harufu ya breki zilizoungua, ambayo aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa. Mke wangu alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, hakuongea. Nilirudisha gia ya pili kwa kulazimisha, tukafika chini, nikapaki chini ya mbuyu na hatukuzungumza kwa dakika kumi.

Baadaye dereva wa lori aliyekuwa anapooza matairi yake pale pale alinieleza kitu ambacho sikukijua kwa miaka thelathini ya kushika usukani. "Mzee, ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta, pampu ya injini inafunga dizeli. Gari linasukumwa na mlima, injini inazungushwa na magurudumu, haili kitu. Ukiweka frii nani ataizungusha? Inabidi ijilishe yenyewe isizime." Nilipokuja kumuuliza fundi wa pampu alithibitisha. Gavana, yaani kidhibiti mafuta cha pampu ya aina hii, hukata mafuta unapoachia pedali gari likiwa kwenye gia, na huyarudisha mizunguko inaposhuka kukaribia sailensi, mzunguko wa gari lililosimama. Yaani kwenye mteremko mzima wa Kitonga nilikuwa nachoma mafuta ambayo aliyekuwa nyuma yangu kwenye gia ya pili hakuyachoma, na juu yake nikachoma breki.

Breki hizo ndizo zilizotuharibia mahesabu ya kwanza nyumbani.

Mke wangu alitaka tupime kama anavyopima sukari. Akachagua njia: kutoka sheli moja hapa Kibaha mpaka Chalinze, kugeuza, na kurudi sheli ile ile. Kama kilomita 130. Alikuwa na sababu ya kutaka tuende na kurudi. Barabara haiko sawa, na upepo nao hauko sawa. Miezi ya kusi unakwenda Chalinze ukisukumwa mgongoni, unarudi ukipigwa usoni. Ukipima upande mmoja umejidanganya.

Nilidhani kupima mafuta ni kujaza na kugawanya. Kumbe kuna mitego. Wa kwanza ni povu. Dizeli inatoa povu nyingi kuliko petroli. Mhudumu akijaza kwa kasi pampu inajikata mapema, akijaza taratibu na kugongeagongea anaingiza lita nyingine nzima au mbili. Kwa safari ya lita 13, lita moja ya uongo inakuharibia jibu kwa karibu kilomita nzima kwa kila lita. Tukakubaliana: pampu ile ile, gari limesimama pale pale na kuangalia upande ule ule, mpini ukijikata mara ya kwanza basi, hakuna kuongeza hata ukiombwa ufikishe hela kamili. Wahudumu walituona wehu. Na hatukuamini safari moja. Kila badiliko tulilifanyia safari tatu na kuchukua wastani.

Mtego wa pili ulikuwa kwenye dashibodi yenyewe. Nilikuwa nimefunga matairi makubwa kidogo kuliko ya asili ili gari lipande juu kwenye njia mbovu. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini dashibodi haijui. Tulipolinganisha na ramani ya simu, kila kilomita 100 za kweli dashibodi ilikuwa inaandika 95. Kwa hiyo zile kilomita 874 za kwenda Kyela zilikuwa 920, na ulaji wetu wa kweli ulikuwa 8.1 kwa lita. Nilifurahi sana. Nilitaka tuishie hapo. Mke wangu akasema kosa la mzani halijawahi kuongeza mchele kwenye gunia.

Safari tatu za kwanza za Chalinze, kwa mwendo wangu wa kawaida wa 95 hivi, zilitoa 7.4. Barabara haina mlima wa maana, gari halina mizigo ya safari, na bado ni pungufu kuliko tulipokwenda Kyela! Hapo ndipo nilipoanza kuamini kuwa kuna kitu kinatula. Jibu lilikuja kwa mkono. Tuliposimama Chalinze kununua machungwa niligusa rimu ya mbele kushoto nikatoa mkono haraka. Ya kulia ilikuwa vuguvugu tu. Kalipa ya kushoto, ile inayobana pedi za breki, ilikuwa imeshika. Grisi ya pini zake ilikuwa imekauka ikawa kama lami, na pedi inasugua diski muda wote. Sitasema kwa uhakika kwamba ni Kitonga, lakini kabla ya Kitonga hazikuwa hivyo. Fundi alifungua, akasafisha pini, akabadilisha mpira wa pistoni na pedi. Tukapima tena: 8.2.

Tangu siku hiyo nina mazoea. Nikisimama popote baada ya mwendo mrefu nazunguka gari na kugusa rimu zote nne kwa mgongo wa kiganja. Hayachukui hata dakika moja, na ni bure.

Kisha tukaja kwenye jambo ambalo nililikwepa kwa wiki mbili, nalo ni mguu wangu. Mke wangu alipendekeza tujaribu 80. Nikasema tutalala njiani. Hiace imekaa kama boksi la kiatu lililosimamishwa. Mbele ni bapa, na kinachoipinga zaidi ukiwa kwenye lami ni hewa. Na hewa haipandi kwa hesabu ya kujumlisha. Ukitoka 80 kwenda 100 mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya hewa inayokupinga imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Tukapima kwa 80: 9.5. Hakuna bolti iliyofunguliwa, hakuna shilingi iliyotoka, na kilomita moja na pointi tatu zimeongezeka kwa kila lita.

Kilichoniuma zaidi ni muda. Nilikuwa na hakika kwamba 95 inaniokoa nusu saa. Saa ya mke wangu ilionyesha tofauti ya dakika nane tu kwenda na kurudi. Ukitazama barabara yetu unaelewa. Vibao vya 50 kila kijiji, matuta, tochi za trafiki, malori yaliyopangana kama siafu kuelekea bandarini. Unakimbia mpaka kwenye mkia wa lori, unapunguza, unasubiri, unalipita kwa kukanyaga moto mpaka mwisho, halafu unakuta jingine. Mwendo wa wastani unapangwa na lori. Wewe unachopanga ni mara ngapi utageuza dizeli kuwa joto la breki. Sasa naacha nafasi ndefu mbele, na nikiona kibao cha 50 kwa mbali naachia pedali mapema gari likiwa kwenye gia, lijipunguze lenyewe huku pampu imefunga. Abiria wa mabasi wananipigia kelele dirishani. Sawa tu.

Kerea tuliitoa nzima Jumamosi moja. Niliipenda, ilikuwa inalipa gari sura ya msafara. Lakini mvumo uliokuwa juu ya vichwa vyetu kwa miezi sita ulikoma siku hiyo hiyo, na ule mvumo, ukifikiria, ulikuwa unaendeshwa na dizeli yetu. Ikawa 10 kasoro kidogo. Turubai sasa linakunjwa chini ya kitanda. Tairi la akiba likarudi mahali Toyota walipolipangia, chini ya sakafu nyuma.

Uzito ulikuwa na kisa chake. Kitanda na makabati nilitengeneza kwa mninga, kwa sababu nilitaka vitu vya kudumu, na seremala wangu hajui kutengeneza kitu ambacho watu wawili wanaweza kukibeba. Tulikwenda kupima gari kwenye mzani wa wanunuzi wa vyuma chakavu, tukatoa mbao zote na kupima tena: kilo 210. Mbao tupu. Nikatengeneza upya kwa plaiwudi na misonobari, mbao za Mafinga, nikabaki na kilo 80. Tangi la maji sasa tunalijaza robo tu na kuongeza tukikaribia mahali pa kulala. Maji ya lita 80 ni kilo 80, mtu mzima unayembeba bure kutoka Kibaha. Ila nikiri kwamba kwenye njia ya Chalinze daftari halikuonyesha tofauti ya kueleweka. Kwenye tambarare uzito ukishaanza kwenda haudai sana. Unadai kwenye mlima na kila unapoondoka kwenye tuta, na matuta yetu, Mungu awahurumie wahandisi, ni mengi. Faida yake niliiona baadaye, Kitonga, nilipopanda kwa gia ya tatu mahali ambapo kwanza nililazimika kwenda ya pili.

Matairi yalitufundisha kitu kifupi. Kijana wa pancha barabarani aliwahi kuniambia, "Mjomba, kwa gari ya kulala weka upepo wa 28, itakuwa laini kama sofa." Nikaweka. Laini kweli. Gari hili lina uzito wa kazi na matairi yake ni ya mizigo. Kibandiko kwenye mlango wa dereva kilikuwa cha Kijapani lakini namba ni namba. Sasa mbele naweka 38, nyuma 46, yakiwa yamepoa asubuhi. Tukapata 10.2. Gari linaruka kidogo kwenye vumbi, na mke wangu analalamikia vikombe.

Niseme haraka habari za vitu nilivyonunua. Chupa ya dawa ya kumwaga kwenye tangi, safari tatu: hakuna kitu. Sumaku mbili za kufunga kwenye mpira wa mafuta, nilizouziwa kwenye foleni na kijana mwenye maneno matamu kuliko shehe wa ndoa: hakuna kitu, na moja ilidondoka. Ziko kwenye mlango wa friji ya nyumbani, zimeshika ratiba ya mgao wa maji. Filta mpya ya hewa ilisaidia gari kupumua na kupunguza moshi kidogo, lakini ile ya zamani ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, kwa hiyo hilo si dawa, ni uzembe wangu kuisha.

Nilipotaka kununua kitu kingine, mke wangu akaniuliza swali lililonikwaza. "Badala ya kuongeza, huwezi kuuliza kimetolewa nini?"

Moshi ndio ulionipeleka kwa fundi wa pampu. Kule juu ya Uporoto, barabara inapopita mita 2,000, gari lilikuwa linatoa wingu jeusi kila nikikanyaga. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kama ilivyo, na kwa kimo hicho hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Pampu haijui. Inaleta mafuta yale yale, hewa haitoshi kuyaunguza, na yaliyobaki yanatoka nyuma yakiwa masizi. Kwa hiyo moshi kidogo milimani nilitarajia. Lakini langu lilitoa moshi mweusi hata Mlandizi, karibu na usawa wa bahari.

Fundi alitazama skrubu iliyo nyuma ya pampu, akacheka. "Hii imefunguliwa. Mtu alitaka nguvu." Aliyefungua ni mimi. Yaani, ni fundi mmoja wa njiani, nilipomlalamikia kwamba gari zito halipandi. Alizungusha skrubu robo mzunguko, gari likachangamka, nikampa na ya soda. Kumbe alikuwa ameongeza kiasi cha juu cha mafuta kinachoingia kila mpigo, zaidi ya kile ambacho hewa inaweza kukimaliza. Nguvu iliongezeka kidogo, moshi ukaongezeka sana. Na uzito uliofanya gari lisipande ulikuwa mninga wangu mwenyewe!

Pampu ilishushwa, ikafungwa kwenye mashine ya kupimia, ikarudishwa kwenye vipimo vyake. Nozo zote nne, zinazopuliza mafuta ndani ya injini, zilijaribiwa. Fundi aliniita nione. Mbili zilipuliza ukungu mzuri, kama manukato. Mbili zilikuwa zinakojoa. Samahani kwa neno, lakini ndilo linalotumika gereji na halina mbadala: mkondo mmoja, halafu tone linaning'inia. Mafuta ya namna hiyo hayachanganyiki na hewa, yanagonga ukuta wa chumba cha kuungulia na kuungua nusu. Ncha mpya nne, taiming ikakaguliwa, gari likarudi. Hii ndiyo kazi pekee iliyotugharimu hela ya kuuma, na ndiyo iliyotupa 10.8. Pia ilinifundisha kuendesha kwa kioo. Nikipanda mlima natazama kioo cha pembeni. Nikiona moshi mweusi nimekanyaga kuliko hewa iliyopo. Naachia kidogo mpaka utoweke, au nashusha gia. Mwendo haupungui kiasi cha kuonekana.

Yule yule fundi wa pampu ndiye aliyegusa mpira wa juu wa rejeta baada ya kuendesha dakika kumi, akasema, "Hili gari halina themostati."

Sikujua kama lilipaswa kuwa nayo. Mshale wa joto siku zote ulikuwa chini, na mimi nilijivunia kwamba gari langu halichemshi. Themostati ni kile kifaa kidogo chenye springi, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha dumu, kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, karibu nyuzi 80 hivi. Kwetu ndicho kitu cha kwanza mafundi wengi hukitoa na kukitupa. Sababu ni moja siku zote: "Nchi hii ya joto, haina kazi." Lakini joto la Kibaha la nyuzi 32 si joto la injini. Injini ya dizeli inawasha mafuta kwa moto wa hewa iliyogandamizwa. Kuta zikiwa baridi mafuta hayaungui vizuri, oili inabaki nzito, na unalipa kila kilomita. Na kwenye baadhi ya injini themostati hiyo hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mlima mrefu gari linachemka kwa sababu ya kitu kilichotolewa ili lisichemke.

Tulinunua mpya, ya asili. Kwenye njia ya Chalinze tulipata 11.1, nyongeza ndogo. Kwenye safari za mjini, sokoni na kurudi, ambazo injini ilikuwa haiwahi kupata moto kabisa, tofauti ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mshale sasa unakaa karibu na katikati. Wiki ya kwanza ulinitisha, nikawa nasimama kufungua boneti bure.

Mwezi wa saba tulikwenda tena Matema. Tuliondoka alfajiri, hewa ikiwa baridi na malori yakiwa machache. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, zile kilomita 50 ambazo sheria inakutaka uende polepole kwa ajili ya wanyama, tuliona tembo sita na twiga waliokuwa wanavuka bila haraka, nikawaza kwamba huu ndio mwendo wa gari hili. Kitonga tulipanda kwa gia ya tatu nyuma ya lori la saruji. Uporoto niliendesha kwa kioo. Sheli ya Kyela, pampu ilipojikata, mke wangu alikuwa ameshashuka na daftari. Kilomita 918 za kweli. Lita 88.

"Kumi na pointi nne," akasema. Akageuza kurasa nyuma mpaka ile ya kwanza yenye doa la mafuta ya samaki. "Bado haijafika kumi na mbili."

Nikamwambia kumi na mbili haikuwahi kuwepo.

Mwezi uliopita pampu ya maji ilianza kuvuja nikapeleka gari gereji ya karibu, si kwa yule fundi, kwa sababu alikuwa amesafiri. Jioni nilikwenda kulichukua. Nimefika Maili Moja mshale bado umelala chini kabisa. Nikageuza. Kijana alikuwa anafunga geti, akanisalimia shikamoo kwa heshima zote, na nilipomuuliza akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. Akaingia ndani, akarudi na kitambaa cheusi cha oili, akakifungua.

"Nilikutolea, mzee," akasema. "Nchi hii ya joto, haina kazi."

Nilivua shati, tukaanza kumwaga maji upya.